Nani Aliwahesabu Mabinti? Elimu, Rangi na Dini, Kutoka Kimwani hadi Dar es Salaam



Leo tunaweka pembeni hina, udi na mitandio ya nikahi, tuzungumze historia. Msimu wa harusi ukifika huku kwetu visiwani na mwambao wa Ziwa, swali moja hurudi kila mara: binti akishaolewa, masomo yake yanakwenda wapi? Nyuma ya swali hilo kuna kauli ambayo wengi wetu tumekua tukiisikia, kwamba wanawake wa Kiislamu wa Bukoba na Muleba walichelewa shule kwa sababu dini yao haikuipenda shule. Kauli hiyo husemwa kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Binti akiisikia mara nyingi huanza kuiamini, na akiiamini huona kwamba kuacha masomo siku ya ndoa ni sehemu ya ucha Mungu.

Tunataka kuijibu kwa historia. Tutaanzia Kimwani, tutapita Kashasha, halafu tutakwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa mwanamke mtafiti aliyeyatoa maisha yake kuuliza kwa nini baadhi ya watoto wa nchi hii walisomeshwa na wengine wakaachwa.

Uislamu ulitangulia

Kimwani leo ni kata ndani ya Wilaya ya Muleba. Zamani ulikuwa utawala mdogo wa kichifu, jirani na tawala kubwa kama Ihangiro. Watu wake waliishi kwa ndizi, uvuvi na baadaye kahawa, ile ile tunayoitafuna tukiiita amwani, inayopitishwa kwa wageni kabla ya maneno ya posa hayajaanza.

Uislamu ulifika pande hizi kwa njia ya biashara. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili kutoka pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, Karagwe, kwenye njia ya kwenda Buganda. Walikuja na vitambaa na shanga, na pia walikuja na herufi. Mtu aliyesoma chuoni alijua kusoma na kuandika kwa hati ya Kiarabu. Wajerumani walipoweka kituo chao Bukoba mwaka 1890, na mapadri wa White Fathers walipofungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, kusoma hakukuwa jambo geni kabisa kwa watu wa mwambao huu. Tuliweke hilo akilini, maana serikali iliyokuja baadaye haikuihesabu elimu hiyo kuwa elimu.

Rangi tatu, milango mitatu

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza Tanganyika iliwekwa chini ya Waingereza. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, iliyotoka Marekani, ilizunguka Afrika Mashariki kuchunguza elimu. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa James Aggrey, msomi Mwafrika kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Tume hiyo ilisisitiza kwamba elimu ya Mwafrika iendane na maisha ya kijijini: kilimo, afya na kazi za mikono. Waingereza waliyapokea mawazo hayo kwa furaha, kwa sababu yalikubaliana na utawala wao.

Elimu ya Tanganyika ikagawanywa kwa rangi. Watoto wa Kizungu walikuwa na shule zao, watoto wenye asili ya Asia zao, na watoto wa Kiafrika zao. Kila kundi lilikuwa na mfuko wake, mtaala wake na kiwango chake cha majengo na walimu. Kundi dogo kuliko yote lilipata shule bora kuliko zote kwa kila mtoto, na kundi kubwa kuliko yote likabaki na nafasi chache za kugombania.

Hata siasa ilipangwa hivyo hivyo. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa 1958 na 1959, kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU ilikubali kuingia katika mpango huo na kuwaunga mkono wagombea wa rangi zote waliokubaliana nayo. Ndivyo alivyoingia barazani Bi Sophia Mustafa, mwanamke wa Kiislamu mwenye asili ya Bara Hindi. Ndivyo pia alivyoingia Barbro Johansson, Mswidi aliyefika Bukoba mwaka 1946 na kuongoza Shule ya Wasichana ya Kashasha. Wanawake hao wawili waliingia kwa mlango wa rangi, wakatumika kuufunga mlango huo huo.

Ruzuku ilivyochagua dini

Chini ya mgawanyo wa rangi ulikuwapo mwingine ambao haukuandikwa kwa jina lake. Serikali ya Kiingereza haikutaka kujenga shule nyingi yenyewe. Ilichagua kutoa ruzuku kwa wenye shule waliofikia masharti iliyoyaweka: aina ya walimu, ukaguzi, masomo yanayofundishwa. Waliokuwa tayari na shule za aina hiyo ni wamisheni. Vyuo vya Kurani havikuhesabiwa kuwa shule za kupewa ruzuku, hata kama ndani yake watoto walikuwa wakijifunza kusoma.

Tazama matokeo yake hapa Kagera, ambako misheni za Kikatoliki na Kilutheri zilienea kuliko sehemu nyingi za nchi. Bei ya kahawa ilipokuwa nzuri, wazazi walipata ada, na Buhaya ikajulikana kwa wasomi wake. Lakini mzazi wa Kiislamu aliyekuwa na ada ile ile, kutoka katika kahawa ile ile, aliikuta shule iliyo karibu ni ya kanisa. Ndani yake mtoto angefundishwa katekisimu na kusali sala za kanisa, na huenda angerudi nyumbani na jina jipya. Kwa mtoto wa kiume baadhi walikubali, wakisema atarudi kwenye dini yake akikua. Kwa binti, aliyetakiwa kulala bwenini mbali na mama yake, wengi walikataa.

Wakoloni waliandika kwamba Waislamu hawapendi elimu. Sisi tunasoma kitu kingine: mzazi aliambiwa achague kati ya elimu ya mwanawe na imani ya mwanawe, na mwenye ruzuku hakuwahi kumwekea mzazi Mkristo chaguo la namna hiyo.

Ushahidi upo ng'ambo ya pili, kwa dada zetu wa Unguja. Serikali ilifungua shule ya wasichana mjini Zanzibar mwaka 1927, katika jamii ya Kiislamu hasa. Mwanzoni wazazi walisita. Walipoona stara ya mabinti inalindwa na dini inaheshimiwa, walianza kuwapeleka, na kutoka huko wakapatikana walimu wanawake. Mwanahistoria Corrie Decker ameandika kitabu kizima juu ya wanawake hao. Dini ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni masharti ya mlangoni.

Waislamu wenyewe hawakukaa kimya. Mwaka 1945, kwa juhudi za Aga Khan Sultan Muhammad Shah, iliundwa East African Muslim Welfare Society, iliyojenga shule na misikiti Afrika Mashariki, na huku kwetu pia ilikuwa na tawi. Jumuiya hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1968, baada ya mgogoro ambao ulianza kuonekana hapa Ziwa Magharibi, na BAKWATA ikaundwa mwaka huo huo. Mgogoro huo una mengi ya kusimulia, nao unastahili makala yake.

Kicheko cha Kashasha

Uhuru ulipofika Desemba 1961, nchi nzima ilikuwa na wanafunzi 11,832 tu wa sekondari, na katika kidato cha sita walikuwa 176. Nambari hizo zipo katika maandishi ya Mwalimu Nyerere juu ya elimu ya kujitegemea. Serikali mpya ilianza kwa kuufuta mgawanyo wa rangi mashuleni, na mwaka 1962 watoto wa rangi zote wakawekwa chini ya mfumo mmoja.

Mwaka huo huo, hapa Muleba, likatokea jambo ambalo dunia imelifanya kichekesho. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana Kashasha, wasichana watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Baadaye walilia, wengine walihangaika na kukimbia ovyo. Wasichana 95 kati ya 159 walipatwa na hali hiyo. Shule ilifungwa Machi, ikafunguliwa Mei, ikafungwa tena Juni. Mabinti waliporudi kwao hali ilienda nao, na eneo la Nshamba peke yake walihesabiwa watu 217. Wazee wetu waliiita endwara y'okusheka, ugonjwa wa kucheka.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliandika taarifa juu yake mwaka 1963. Walipima damu, wakachunguza chakula na maji, na hawakuona ugonjwa wa mwili. Watafiti waliofuata wameeleza kwamba ilikuwa njia ya mwili kutoa msongo: mabinti wadogo, mbali na nyumbani, chini ya nidhamu kali, katika nchi inayobadilika kwa kasi.

Tunapoikuta habari hii mitandaoni imewekwa kama jambo la kufurahisha, tunaumia. Hao walikuwa bibi zetu na mama zetu wadogo, wenye umri wa miaka 12 hadi 18. Kuhesabiwa walihesabiwa vizuri sana. Sauti zao wenyewe, walichokuwa wakikihofia na walichokitamani, ndizo hazijulikani sana. Elimu ilikuwa imefunguliwa kwa rangi zote, lakini kumuuliza msichana anaionaje shule hiyo kulikuwa bado hakujazoeleka.

Mtafiti aliyekwenda kuuliza

Hapo ndipo anapoingia Marjorie Mbilinyi. Alizaliwa Marekani, akaja Tanzania katika miaka ya 1960, akaolewa hapa, akachukua uraia, na akafundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Alikotoka, shule pia zilikuwa zimegawanywa kwa rangi. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe mashuleni ni kinyume cha katiba. Miongoni mwa ushahidi uliotajwa katika hukumu hiyo ni utafiti wa Kenneth Clark, aliyeufanya pamoja na mkewe Mamie. Walikuwa wakiwapa watoto weusi wanasesere weusi na weupe na kuwauliza ni yupi mzuri. Watoto wengi walimchagua mweupe. Kazi hiyo ilianzia katika masomo ya Mamie mwenyewe, mwanamke aliyeendelea kusoma akiwa ndani ya ndoa. Swali dogo lililoulizwa kwa heshima likasaidia kubadilisha sheria ya taifa kubwa.

Bi Mbilinyi naye alianza kwa kuuliza. Mwaka 1969 alichapisha utafiti juu ya elimu ya wasichana Tanzania, akichunguza mitazamo ya wasichana wenyewe na ya baba zao. Wakati ule haikuwa kawaida. Mipango ya elimu ilizungumza juu ya wanafunzi, na mwanafunzi aliyekuwa akifikiriwa ni mvulana. Mwaka 1972 alimaliza tasnifu yake ya uzamivu, iliyohusu jinsi familia za vijijini zinavyoamua nani asome.

Hilo la kuamua tunalijua. Familia yenye watoto watano na ada ya mmoja hukaa kitako na kupiga hesabu: nani atachota maji, nani atalea mdogo, nani ataolewa na kwenda kwa watu, nani atabaki kuwalea wazazi. Mtu wa mbali huiita mila, kana kwamba wazazi hawafikirii. Mtafiti anayekaa nao huona kwamba wanafikiri sana, ila wanafikiri ndani ya ufinyu ambao wengine waliuweka.

Katika kitabu juu ya Tanzania chini ya ukoloni kilichotoka mwaka 1980, aliandika sura juu ya elimu ya Waafrika wakati wa Waingereza. Alionyesha kwamba mgawanyo wa elimu haukuwa wa rangi peke yake, maana ulifuata pia tabaka na jinsia. Mtoto wa kike wa Kiafrika alikuwa chini ya ngazi zote tatu kwa pamoja. Mwaka 1988 alichapisha utafiti juu ya wake waliotoroka ndoa wilayani Rungwe kati ya 1919 na 1961, akiunganisha ndoa za kulazimishwa na kazi za kulazimishwa. Aliandika pia maisha ya Rebeka Kalindile, bibi wa Rungwe, akimsikiliza kama mwalimu wake. Mwaka 1993 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP.

Hakuwa peke yake. Profesa Abel Ishumi, naye wa elimu katika chuo hicho hicho, alichapisha mwaka 1980 kitabu juu ya urithi wa Kiziba, kuonyesha kwamba Buhaya ilikuwa na malezi na mafunzo yake kabla ya shule ya mkoloni.

Si lazima tukubaliane na kila alichoandika Bi Mbilinyi. Yeye alitazama kwa macho ya haki za wanawake na ya uchumi, sisi tunatazama kwanza kwa macho ya dini yetu. Lakini kazi yake inatupa jambo ambalo kauli za barazani haziwezi kutupa: ushahidi kwamba nyuma ya binti asiyesoma kuna waraka, kuna bajeti na kuna masharti yaliyoandikwa na mtu. Kilichoandikwa na mtu, mtu anaweza kukifuta.

Waraka bado unaandikwa

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2016 mwanasheria Rebeca Gyumi aliipinga Mahakama Kuu na akashinda, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hukumu hiyo mwaka 2019. Mwaka huo wa 2016 pia Sheria ya Elimu ilirekebishwa: anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne katika shule za serikali. Mwaka 2021 serikali iliruhusu mabinti waliokatisha masomo kwa ujauzito kurudi shuleni.

Kwa mabinti wa Bumbire, Goziba, Ikuza na Kerebe, haya yana uzito wake. Mtoto wa kisiwani anayetaka kuendelea na masomo mara nyingi hulazimika kuvuka maji na kupanga chumba au kulala bwenini, na hofu ya mzazi wa leo ni ile ile ya mzazi wa 1930: stara, usalama, swala. Njia ya kuijibu ni ile iliyofanya kazi Unguja. Tujenge mabweni salama, tuweke walezi wanawake, tuhakikishe binti anapata nafasi ya kuswali, na wazazi watafungua mkono.

Kwako bibi harusi

Sasa turudi kwenye lile swali la mwanzo. Sayyidatna Hafsa, radhi za Allah ziwe juu yake, alifundishwa kuandika na bibi aliyeitwa Shifaa bint Abdillah. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtaka Shifaa amfundishe Hafsa na jambo jingine pia, kama alivyomfundisha kuandika, na wakati huo Hafsa alikuwa tayari mke wa Mtume. Na tunajua kisa cha swahaba asiyekuwa na mali, aliyeozeshwa kwa mahari ya kumfundisha mkewe Kurani aliyokuwa nayo. Elimu iliingia ndani ya ndoa kama mahari yenyewe. Wapi hapo dini inapomwambia mke aache kalamu?

Kwa hiyo, mpendwa, kabla ya siku ya nikahi fanya mambo haya matatu.

Kwanza, liseme jambo la masomo wakati wa posa, mbele ya walii wako, kwa adabu na bila kuzungusha. Mchumba mwema hataogopa, na asiyekubali ni afadhali umjue mapema.

Pili, mahari ni haki yako. Ukitaka iwe ada ya chuo au ya ufundi, zungumza na wazee wako. Kuhusu kuliweka jambo la masomo kama sharti katika mkataba wa ndoa, muulize shekhe unayemwamini, kwa sababu wanazuoni wametofautiana juu ya nguvu ya masharti ya namna hiyo. Hata linapokuwa ahadi tu, liwe limesemwa na mashahidi wamesikia.

Tatu, andika. Muulize bibi yako alisoma wapi, aliishia darasa la ngapi, na nani aliamua. Andika jina la shule, mwaka, na ada kama anaikumbuka. Historia ya elimu ya wanawake wa Kiislamu wa Kimwani, Ihangiro na visiwa hivi bado iko vifuani mwa wazee, na wazee wanaondoka. Huenda katika ninyi mnaosoma hapa yupo atakayeifanya kazi hiyo hadi chuo kikuu, awahesabu mabinti wetu na awasikilize pia.

Tunamwomba Allah awarehemu bibi zetu waliotamani kusoma wasipate, awape subira wanaosoma kwa taabu, na awajaalie mabibi harusi wetu waume watakaoona fahari kuwa na wake wenye elimu. Amin.